Futikamba ya mita 5 yenye inchi na sentimita: tathmini kwa anayejenga nyumba

Kifaa ninachokitathmini hapa ni futikamba ya chuma ya kawaida, ya aina ile inayoning'inia kwa makumi kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, kutoka Gerezani hadi Mbagala: kasha la plastiki lililovikwa mpira, utepe wa njano wenye upana wa milimita 19, kitufe cha kuufunga utepe usirudi, kibanio cha kuchomeka kwenye mkanda wa suruali, na maandishi ya 5m/16ft ubavuni. Haina jina la kiwanda la kujivunia. Nililipa shilingi 7,000 baada ya kupatana, na imefanya kazi katika ujenzi wa nyumba ya vyumba vitatu tangu kuchimba msingi hadi kupiga dari. Ukingo mmoja wa utepe umechapwa inchi na futi, ukingo wa pili sentimita na milimita, na kwa maoni yangu sifa hiyo ya kubeba vipimo vya aina mbili ndiyo inayoamua kama kifaa hiki kinafaa kununuliwa au la, kwa kuwa futikamba za bei hii hazitofautiani sana katika mambo mengine.

Anayejenga hapa nchini atafundishwa haraka kwamba mfumo wa metriki tuliosoma shuleni unatawala kwenye karatasi tu. Hati ya kiwanja imeandikwa mita za mraba na ramani ya nyumba imechorwa kwa milimita, lakini orodha ya manunuzi anayoiandika fundi ni mchanganyiko wa kila kitu: mbao za mbili kwa nne za futi 12, nondo za milimita 12, misumari ya inchi 4 inayouzwa kwa kilo, plaiwudi ya futi 4 kwa 8 ambayo unene wake hutajwa kwa milimita, bomba la maji taka la inchi 4, vigae vya sentimita 60 kwa 60, na galoni ya rangi ambayo ukiigeuza kusoma lebo utakuta ni lita 4, wakati galoni ya Kiingereza ni zaidi kidogo ya lita 4.5. Hakuna mtu aliyekaa akaupanga mchanganyiko huu. Kila bidhaa ilikuja na kipimo cha mahali ilikotoka na wakati ilipokuja, ikakaa nacho. Hata reli zetu ziko hivyo: ile ya kati iliyoanzwa na Wajerumani ina upana wa milimita 1,000 kamili, TAZARA, ile ya kwenda Zambia, ina milimita 1,067 ambazo ni futi 3 na inchi 6, na SGR, ile mpya ya treni za umeme, ina milimita 1,435 ambazo ni futi 4 na inchi 8 na nusu. Tukiwa na hali hiyo, futikamba ya kipimo kimoja inamlazimu mwenye nyumba kupiga hesabu kila anaposimama kaunta, na hesabu ya kaunta ndiyo inayokosewa.

Nianze na mwili wa kifaa, ambao hauna mengi. Springi inarudisha utepe kwa nguvu ya kutosha, hata zaidi ya kutosha, kwa hiyo usiuachie ukiwa umeutoa wote kwa sababu ndoano ya mbele itapiga kasha na baada ya muda itapinda. Ukiutoa hewani bila kitu cha kuuegemeza, utepe wa upana huu unavunjika shingo kabla ya kufika mita 2. Wenye upana wa milimita 25 unakwenda mbali zaidi, na kama unafanya kazi peke yako bila wa kukushikia upande wa pili, ongeza pesa ununue huo. Adui yake mkubwa ni vumbi la saruji. Likichanganyika na jasho au unyevu wa pwani huganda kwenye utepe, na utepe ukirudi ndani huwa unajisugua wenyewe mpaka rangi ya njano inaanza kumenyuka, ikianzia kwenye sentimita 30 za mwanzo zinazotumika kila saa. Kuufuta kwa kitambaa kikavu kila jioni kunasaidia sana, ingawa sijamwona fundi anayefanya hivyo.

Kuna jambo moja linalowafanya wanunuzi warudishe futikamba nzima dukani wakidai ni mbovu, nalo ni ndoano inayocheza. Ile ndoano ya bati iliyo kwenye ncha ya utepe imepigiliwa kwa ripiti katika matundu marefu kidogo, hivyo husogea mbele na nyuma kiasi cha milimita moja hivi. Si ubovu. Kiasi inachosogea ni sawa na unene wa ndoano yenyewe: ukiinasa kwenye ncha ya ubao na kuvuta, inatoka nje ili unene wake usihesabiwe, na ukiisukuma dhidi ya ukuta wakati wa kupima ndani ya fremu ya mlango, inaingia ndani ili unene huo uhesabiwe. Kwa njia hiyo sifuri inabaki mahali pake katika hali zote mbili. Nimemwona kijana akiipiga ndoano nyundo ili itulie, na kuanzia siku hiyo kila kipimo chake kilikuwa na kosa la milimita moja upande mmoja au mwingine. Ukinunua, hakikisha inacheza. Isiyocheza ndiyo ya kurudisha.

Sasa nije kwenye kiini. Kanuni niliyoifikia ni kuagiza kwa kipimo cha muuzaji na kukagua kwa milimita, na futikamba yenye pande mbili inaruhusu hayo mawili yafanyike kwa mkono mmoja, mbele ya muuzaji, bila kalamu. Chukua mbao. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, makubaliano yaliyofikiwa mwaka 1959 na nchi zilizokuwa zikitumia inchi, kwa hiyo mbao ya mbili kwa nne ingepaswa kuwa milimita 50.8 kwa 101.6. Katika yadi za mbao nimekuta za milimita 44 kwa 93 zikiitwa mbili kwa nne bila mtu kupepesa macho. Ukiziangalia kwa upande wa inchi, tofauti inaonekana ndogo, robo ya inchi huku na zaidi kidogo ya robo kule, na muuzaji atasema kwamba msumeno umekula na mbao imekauka, jambo ambalo kwa sehemu ni kweli. Ukizisoma kwa milimita ukazidisha, unaona kwamba karibu sehemu moja kati ya tano ya mti uliolipia haipo. Na kwa kuwa nguvu ya mbao iliyolazwa kubeba mzigo hufuata upana mara kina mara kina, kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, iliyotengenezwa kwa mbao hiyo imepoteza zaidi ya robo ya nguvu iliyotarajiwa. Marekani pia mbao ya mbili kwa nne si mbili kwa nne, bali ni inchi 1.5 kwa 3.5, lakini huko upungufu huo umeandikwa katika viwango vinavyojulikana na kila fundi, na mbao zote zinalingana. Kwetu upungufu hutegemea yadi, msumeno na siku, kiasi kwamba mbao 3 kutoka rundo moja zinaweza kuwa na kina tofauti, na kenchi zikishapandishwa, papi, yaani mbao zinazopigiliwa juu yake kushika bati, zinapanda na kushuka.

Sipendekezi kugombana na muuzaji kuhusu jina la bidhaa. Waulize mbao zina milimita ngapi, pima 5 au 6 kutoka sehemu mbalimbali za rundo, kisha patana bei kwa kile ulichokipima. Katika yadi niliyoishia kununua, mzee aliyekuwa akipanga mbao aliniona nikisoma upande wa milimita, akaniambia, "Hizo za juu achana nazo, mwanangu, ngoja nikushushie za nyuma," na za nyuma zilikuwa milimita 48 kwa 98. Bei haikubadilika.

Faida ya pili ya pande mbili ilionekana wakati wa dari, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni kosa linalorudiwa katika nyumba nyingi. Fundi wa mbao za dari hupanga nafasi kwa futi mbili mbili, yaani milimita 609.6 kutoka katikati ya mbao hadi katikati ya inayofuata, kwa kuwa amezoea plaiwudi ya futi 4 kwa 8. Jipsamu bodi nazo huuzwa zikiitwa nne kwa nane, lakini sokoni zipo za aina mbili: zenye milimita 1,220 kwa 2,440, ambazo ni futi 4 kwa 8 zilizozungushwa, na zenye milimita 1,200 kwa 2,400. Ukileta za aina ya pili kwenye mbao zilizopangwa kwa futi, bodi ya kwanza inaishia milimita 19 kabla ya kufika katikati ya mbao, kwa hiyo inashika pembeni tu, na bodi ya pili inaishia milimita 38 kabla, ambapo mbao yenye upana wa milimita 50 haifikiwi kabisa na ukingo wa bodi unaning'inia hewani. Nilipoitandaza futikamba juu ya bodi moja kabla mafundi hawajaanza, sentimita 120 ilikaa sawia kwenye ukingo wakati alama ya futi 4 ilikuwa nje ya bodi. Fundi aliiangalia, akacheka, akabadilisha nafasi za mbao kuwa sentimita 60. Futikamba ya inchi peke yake ingetuonyesha bodi ambayo ni fupi kwa robo tatu ya inchi, na tungeilaumu bodi.

Vigae vinafuata mantiki hiyo hiyo. Chumba cha futi 12 kwa 12, ambacho ndicho kipimo kinachotajwa zaidi midomoni, kina sentimita 366 kila upande. Vigae 6 vya sentimita 60 vinachukua 360, na ukutani kunabaki kipande cha sentimita 5 hivi ambacho kukikata ni tabu na kukitazama ni tabu zaidi. Chumba cha sentimita 360 baada ya plasta kingemaliza habari. Ramani nzuri hulizingatia hili, lakini fundi anayejenga kwa kukariri futi halioni mpaka siku ya vigae.

Katika kupiga msingi, urefu wa mita 5 umenisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia. Mafundi wetu wa ukuta hupata kona ya mraba kwa sitini, themanini na mia. Fundi hupigilia vigingi, hufunga kamba mbili, kisha humwambia msaidizi au mwenye nyumba, "Bosi, shika hapo kwenye sitini," naye anaweka alama ya themanini kwenye kamba ya pili, na mshazari ukisoma sentimita 100 kona imekaa. Hesabu yenyewe haina kasoro. Kasoro ni udogo wake, kwani ukikosea milimita 3 tu kwenye mshazari wa mita moja, ukuta wa mita 10 utakuwa umekwenda kombo kwa sentimita 6 mwishoni. Ukitumia mita 3, mita 4 na mita 5, kosa lile lile la milimita 3 linakupeleka kombo kwa sentimita moja na robo tu. Futikamba hii inatosha barabara kwa kazi hiyo, lakini soma upande wa mita, kwa kuwa maandishi ya 16ft yaliyo ubavuni si sawa na mita 5: futi 16 ni mita 4 na sentimita 88, na utepe unaendelea zaidi ya hapo.

Kuna mambo kadhaa ambayo hayakunifurahisha. Inchi zimechapwa kwa tarakimu kubwa nyeusi na milimita kwa tarakimu ndogo zilizobanwa, kana kwamba kifaa kilitengenezwa kwanza kwa ajili ya soko la Marekani na metriki ikaongezwa baadaye. Dhana hiyo inathibitishwa na alama nyekundu zinazojirudia kila inchi 16, ambazo huko ni nafasi za nguzo ndani ya kuta za mbao na kwetu hazina kazi yoyote. Kijana mmoja wa fundi alizichukulia kuwa ni alama za nusu mita. Jua kali la saa sita linafanya tarakimu ndogo zisisomeke kwa mtu mwenye macho ya umri wangu. Zaidi ya hayo, pande mbili zina hatari yake: mtu mmoja anapima juu ya ngazi na kutangaza "arobaini na nane," na aliye chini mwenye msumeno anaamua mwenyewe kama ni inchi au sentimita. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kukubaliana tangu asubuhi kwamba kila kinachotangazwa kwa sauti au kuandikwa ukutani kwa penseli ni sentimita, na inchi zibaki kwa ajili ya dukani.

Kuhusu usahihi, utepe wangu una namba ya Kirumi II ndani ya kiduara, alama inayotokana na taratibu za Ulaya ambazo zinaigawa tepu katika madaraja 3. Daraja la II linaruhusu kosa lisilozidi milimita 1.3 katika mita 5. Kuchapa alama ni rahisi kuliko kuitii, kwa hiyo niliulinganisha na futikamba ya mpima viwanja, na katika mita 5 tofauti haikuonekana kwa macho. Joto si la kuhofia: chuma hutanuka, lakini kutoka nyuzi 20 ambazo tepu hupimiwa kiwandani hadi nyuzi 35 za mchana wa Dar es Salaam, mita 5 zinaongezeka kwa chini ya milimita moja.

Mnunuzi ajue pia mahali ambapo kifaa hiki hakimsaidii. Unene wa bati hakiwezi kuupima; bati la geji 30 lina takriban milimita 0.3, na jinsi namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba, kinyume na wengi wanavyodhani. Bomba la nusu inchi nalo halina nusu inchi mahali popote panapofikiwa na futikamba: la plastiki aina ya PPR linaloitwa hivyo lina milimita 20 kwa nje, na uzi wa nati ya nusu inchi una karibu milimita 21, kwa sababu nusu inchi ilihusu tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani. Hapo nenda na kipande cha sampuli mkononi. Waya wa umeme wa 1.5 una milimita za mraba 1.5, jambo linalohusu eneo la shaba na si kipenyo chake. Kwa nondo, milimita moja ya upungufu haionekani vizuri kwenye utepe kwa sababu ya zile mbavu, wakati ina maana kubwa. Mizani ndiyo inayofaa. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawanya kwa 162, utapata kilo kwa kila mita: nondo halisi ya milimita 12 ina kilo 0.89 kwa mita, hivyo yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.7 hivi. Ikipimwa ikawa kilo 9, umeuziwa milimita 11, na sehemu ya chuma iliyopungua ni 16 kwa kila 100. Kazi ya futikamba hapo ni kuhakikisha urefu, maana nondo za mita 11.7 huuzwa kwa jina la mita 12.

Kwa kupima kiwanja pia usiitumie. Kuiweka na kuisogeza mara nne ili kupata mita 20 kunakusanya makosa, na kwa kazi hiyo kuna futikamba ya kitambaa cha nyuzi ya mita 30, ambayo nayo huandikwa futi 100 ingawa futi 100 ni mita 30 na sentimita 48. Anayenunua shamba achukue tahadhari ya ziada, kwa sababu ile eka ya sabini kwa sabini inayotajwa na madalali ilikuwa ni hatua, ambazo zinakaribia yadi. Ukiipima kwa mita 70 kwa 70 unapata mita za mraba 4,900, na eka ni 4,047. Tofauti hiyo inaweza kumfaidi mnunuzi au muuzaji, kutegemea nani ameshika kamba. Vipimo vya leza ni vizuri ndani ya nyumba iliyokwisha kupauliwa, lakini juani nukta yake nyekundu hupotea, na bei yake ni mara nyingi ya hii.

Futikamba za metriki pekee nazo zipo, hasa kwa mafundi wa alumini na makabati, na uchapaji wake husomeka vizuri zaidi kwa kuwa tarakimu zina nafasi ya kutosha. Ningemshauri fundi wa fani hizo aichukue hiyo bila kusita. Kwa mwenye nyumba anayezunguka kati ya yadi ya mbao, duka la vigae na kwa mchomeleaji ambaye dirisha la mita moja na nusu analiita futi 5, kisha anashangaa grili inapogoma kuingia kwa milimita 24, yenye pande mbili ndiyo ya kununua, pamoja na kasoro zake za uchapaji.

Unapoichagua dukani, usiridhike na ya kwanza uliyopewa. Omba 3 au 4 za duka hilo hilo, zivute hadi mita 3 juu ya kaunta, ndoano zote zikiwa zimenasa ukingo mmoja, na uzilinganishe alama zikiwa bega kwa bega. Iliyoachana na wenzake irudishwe ukutani. Kisha tafuta inchi 39 na sentimita 99 kwenye utepe mmoja: zinatakiwa kukutana, inchi zikizidi kwa nywele tu ya milimita 0.6. Nilikuta moja ambayo pande zake mbili zilikuwa zimepishana kwa karibu milimita 3, imechapwa vizuri, ina kasha zuri kuliko zote, na muuzaji alikuwa akiiuza kwa shilingi 2,000 zaidi.